Mtunza Hekalu Asiyependa Maswali Mawili

Kila alipomaliza kufagia ua, mtunza hekalu aliugeuza ufagio, akauchokonoa kwa kidole gumba chenye kucha nyeusi, kisha akaanza upya, maana misonobari ya mlimani ilikuwa imeshamwaga majani mengine. Zhenkai alimtazama kwa hasira. Yeye na mama walikuwa wamepanda ngazi tangu asubuhi, wakimpumzisha baba na moyo wake mbovu kila hatua kumi, eti mungu wa mlima ndiye aamue kama mzee apasuliwe. Daktari alikwisha kusema apasuliwe!

Baba alipiga magoti, akanong'ona, akarusha vipande viwili vya mwanzi vya kumwuliza mungu, kila kimoja bapa upande mmoja na mgongo upande wa pili. Vyote vikalala bapa juu. Mara tatu, vile vile.

"Mungu anakucheka," mtunza akasema, akifagia. "Kwani umemuuliza nini?"

"Nipasuliwe, au nijikalie nyumbani?"

"Ala! Mzee mwenzangu, hayo ni maswali mawili. Akisema ndiyo, utajua ndiyo ipi? Shika moja."

Kisha akaketi sakafuni kando ya baba, ufagio mapajani. Majani yakarundikana uani, asiyatazame. Zhenkai hakujua tena amkasirikie nani.

Hatimaye baba akarusha. Kimoja bapa, kimoja mgongo: ndiyo.

"Ndiyo nini, baba?"

"Shii, kijana," mtunza akasema. "Hukuulizwa wewe."

Baba akajipangusa magoti, akamgeukia mama. "Hospitali walisema nije na nguo ngapi za kubadilisha?"