Njia Niliyoinyoosha Mlimani

Siku yangu ya kwanza kama kantonie, yaani mtunza njia, katika parki ya msitu juu ya Bunia, sikupewa jembe. Mvua ilikuwa inapiga. Shefu wa posti, mkuu wetu wa wakati ule, mtu mkavu wa maneno, alinitoa barazani.

"Fata mayi," alisema. "Kwenye iko inapita, ndiyo utachimba kesho."

Nikapanda nikiyafuata maji, nimelowa chapachapa. Njia yetu ilikuwa ya wote: watembezi wa Jumapili, baiskeli, kina mama wenye mihogo kutoka mashambani. Kwa hiyo tuliizungusha kwa kona, na kila hatua kadhaa tulikata mtaro wa mshazari wa kutolea maji pembeni. Na kanuni ilikuwa moja: anayeshuka na mzigo hampishi mtu. Ninyi mnaokagua njia jua likiwaka, mnakagua nini?

Nilitumikia mashefu wanne, wote watu wa kulowa. Wa tano, direkta, alikuja na viatu vyeupe. Wageni wakubwa walitarajiwa kupiga picha kileleni.

"Muzee, hizi kona zinachelewesha bantu. Kata njia droit."

"Direkta, mayi nayo itashuka droit."

"Weye ni kantonie ao injenieri?"

Nikachukua jembe, nikainyoosha njia kwa mikono yangu. Nilikuwa karibu kustaafu, nikaogopa kufukuzwa. Hapo hasira hunirudia mwenyewe.

Wageni walipanda, wakapiga picha, wakaondoka. Mvua ya wiki ile ikachimba korongo katikati ya njia. Mama Dorika wa Bigo alikuwa akishuka na mihogo kichwani. Baiskeli ikaja nyuma yake, breki zikakataa kwenye tope, ikamvaa. Akavunjika nyonga. Direkta aliandika ripoti kwamba ajali imeletwa na mvua, akaniwekea kalamu mbele, nami nikatia sahihi. Mvua imekosa nini?

Sasa nimestaafu, na nina hasira kuliko nilipokuwa kazini. Kila Jumapili Mama Dorika huja kanisani na fimbo yake, akanishika mkono.

"Aksanti, muzee. Bila weye, siye tungepita wapi?"

"Aksanti, mama," mimi hujibu, nikaenda kukaa. Hajui ni nani aliyeikata njia ile, na ujasiri wa kumwambia usoni sina. Lakini binti yake ni mwalimu. Amsomee haya niliyoyaandika hapa.