Nilivyomfuata Mdogo Wangu Utawani Ukerewe

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya filamu. Mdogo wangu Neema aliiona kwa jirani, hapa Mabatini: muuza mitumba anaingia utawani kwa bahati mbaya, anawachezesha masista mpaka jikoni, kila mtu anaimba. Aliirudia mara nne. Wiki iliyofuata akafunga begi, akaenda kujaribu usista Ukerewe, akaniachia mwanangu Baraka. Yeye ndiye aliyekuwa akimlea nikiwa kiwandani Nyakato. Nikaapa: namrudisha, hata kwa kumvuta masikio.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, nilipanda meli ya Nansio, Baraka mgongoni. Njia nzima nilipanga matusi. Lakini nakiri, nilitaka pia kuona: hivi kweli wanacheza jikoni?

Nansio nilichukua bodaboda hadi getini. Kimya. Sista mlezi wa wasichana, mama mfupi mwenye jembe begani, akanipokea.

“Shikamoo, sista. Nimemfuata Neema. Mmemwimbisha mpaka amesahau kwao.”

“Marahaba, mama. Neema? Aliimba mara moja tu, mpiga kinanda akaomba ruhusa akanywe maji.”

Akanipeleka bandani. Neema yuko ndani ya mabuti, anazoa mavi ya nguruwe. Huyu aliyekuwa akiziba pua akibadilisha nepi moja tu!

“We Neema, ndiyo filamu yenyewe hii?”

Akacheka. “Ilinidanganya, dada. Siku ya pili tu nilijua.”

“Basi funga begi.”

“Siendi.”

“Umedanganywa, halafu unabaki?”

“Uongo uliisha siku ya pili. Leo ni ya ishirini na tatu.”

Matusi yote niliyopanga yalikuwa ya mtu aliyedanganywa. Ya mtu anayejua sikuwa nayo. Akanawa, akambeba Baraka. Mtoto akamng’ang’ania shingoni, nami nikageukia ukutani.

Nililala hapo. Jumapili, kwenye misa ya asubuhi, masista waliimba vizuri mno. Neema alitikisa kayamba, mdomo kaufunga.

Getini akaniuliza, “Bado una hasira, dada?”

“Sana. Nenda kalishe nguruwe wako.”

Kwenye meli nilirudi na mtoto yuleyule na hasira ileile. Nilichojifunza ni hiki: aliyedanganywa unaweza kumrudisha nyumbani. Anayejua nguruwe wananukaje na bado kabaki, huyo mwache. Kiwandani nimeomba wanibadilishie zamu, nimlee Baraka mwenyewe. Hawajanijibu.