Ringi ya Ndalu

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Ndalu alikosa mitupo saba mfululizo katika uwanja wa mpira wa kikapu wa shule mjini Kitale. Yote ilipita upande wa kulia. Aliyekuwa akimpima ni mgeni kutoka Marekani, anayetafuta vijana wa kualika kwenye majaribio kabla timu za kulipwa za huko hazijachagua wachezaji wapya.

"Ati huyu ndiye wa kwenda Marekani?" mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Tuwan akasema kando yangu. "Si arudi kwa mahindi, bana!"

Mgeni akafunga daftari. Kijana akaitazama ringi, kisha akamwendea kocha wake.

"Mwalimu, hii imenyooka. Yetu imelala kushoto, nimezoea kulenga kulia. Mwambie anipe mipira kumi tu."

Kocha akatafsiri. Mpira wa kwanza ulitoka. Tisa iliyofuata iliingia yote.

Wengi wetu tungeilaumu ringi mpaka jioni. Yeye aliomba mipira kumi.

Mchana mgeni akataka kuiona hiyo ringi. Huko Ndalu aliikuta imefungwa kwa waya kwenye nguzo ya mkaratusi, imelala vile alivyoambiwa. Akavua koti, akatupa mara tano, akakosa zote.

"Lenga kulia, mzee!" akina mama wa sokoni wakamwambia huku wakicheka.

Alifungua daftari tena, akaandika ukurasa mzima.

Jumatano barua ya kumwalika kijana ilimfikia kocha.