Mkono wa Scola kwenye Kuta za Mazwi

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa kali mpaka nafua nikiwa na sweta, mwanamume mmoja alisimama mbele ya nyumba ninayopanga hapa Mazwi. Aliangalia mtaa juu, akaangalia chini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, amevaa vizuri. Alinisalimia, akaniuliza kama kuna mwenyeji wa zamani.

"Mimi nimezaliwa mtaa huu," alisema. "Tuliondoka nikiwa na miaka saba. Sasa hata sijui nimesimama wapi."

Nikamwita mwenye nyumba wangu, Bibi Scola. Alitoka uani akijifuta unga wa ulezi mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umetokea wapi?"

"Mbeya. Nimekuja kikazi. Naitwa Tito. Mama yangu alikuwa na mgahawa hapa, zamani sana."

Bibi Scola hakumaliza kufuta mikono. Alimshika mashavu yote mawili, unga ukabaki usoni kwa yule bwana.

"Tito! Nimekubeba mgongoni wewe! Mama yako yupo?"

"Yupo, Tukuyu. Bado analima bustani yake. Masikio tu ndiyo yamemwisha, hasikii kabisa."

Bibi Scola akalia, akacheka, akalia tena. Kisha akavaa viatu na kumwambia twende nikuonyeshe. Mimi nikaacha nguo kwenye beseni nikawafuata. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa sita huu nipo kwenye nyumba yake, na sikuwahi kujua niliyoyasikia siku ile.

Scola alikuja mjini mwaka 1984 kutoka Mwimbi, akiwa na miaka ishirini. Baba yake alikuwa amefariki, akapokewa na shangazi yake hapa Mazwi. Shule hakusoma, kwa sababu alikuwa mkubwa kwa wadogo watano na ndiye aliyewalea. Alichojua ni kilimo, na kusiliba nyumba. Kijijini kwao walimwita kila walipomaliza kujenga, achore maua kwa udongo mweupe na mwekundu kuzunguka milango. Mstari wake haukutetemeka.

Mama Tito alikuwa mke wa karani wa serikali, Mnyakyusa aliyehamia huku na mume wake. Alikuwa na mgahawa wa chai na maandazi, pale panapouzwa simu siku hizi. Alisikia habari za binti mwenye mkono mzuri, akamwita ampakie rangi ukutani. Alimwandikia maneno kwenye ubavu wa boksi la sabuni, akamwachia kopo la rangi nyekundu, akaenda sokoni na mtoto wake.

Aliporudi alikuta watu wamejaa barabarani wanashikana mabega kwa kicheko. Ukutani, kwa herufi nzuri zilizonyooka, paliandikwa: KARIBU MGAHAWA WA MAMA TITO. WEKA MAHALI PAKAVU. USIPINDUE.

Scola alikuwa ameyanakili yote, ya mwenye mgahawa na ya kiwanda cha sabuni.

"Nilidhani ni maua ya kizungu," Bibi Scola alimwambia Tito, akicheka tukiwa tumesimama mahali penyewe. "Nilipoona watu wanacheka nikajua nimeharibu, lakini sikujua nimeharibu nini. Nilitaka kukimbilia Mwimbi kwa miguu."

Mama Tito alipita katikati ya watu, akausoma ukuta, naye akacheka kidogo. Kisha akamwona Scola amejibanza pembeni na brashi. Akaacha kucheka.

"Hujui kusoma?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, mama."

"Basi ingia ndani. Kwanza unywe chai."

Yale maneno hakuyafuta. Watu walitoka hadi upande wa pili wa mji kuja kuyasoma, na waliokuja kuyasoma walikunywa chai. Lakini kuanzia siku ya pili, kila alasiri wateja wakipungua, Mama Tito alimketisha Scola jikoni, akamwandikia herufi kwa mkaa kwenye maboksi. Scola alimbeba Tito mgongoni huku akizitaja. Mama Tito hakuwa mpole kwenye hilo. Ukikosea herufi uliyofundishwa jana, ulisonga ugali wa watu wote.

Baada ya miezi michache, mzee Flavian, mwenye mashine ya kusaga iliyokuwa mkabala na mgahawa, alimwita. Alitaka ukutani paonekane anasaga nini.

"Niandikie kwenye karatasi, baba, nitanakili," Scola alimwambia.

"Karatasi sina," alijibu mzee Flavian. "Andika mahindi. Andika na ulezi."

Bibi Scola anasema mzee yule alikuwa na madaftari mazima ndani. Alikaa kwenye gunia, akageuza uso asimwangalie, akamwacha. Mahindi lilimchukua asubuhi nzima. Ulezi liliingia mara moja. Alirudi nyuma hadi katikati ya barabara, akalisoma kwa sauti, na baiskeli ikamkosa kidogo. "Hilo ndilo neno langu la kwanza," alituambia. "Hakuna aliyenishikia mkono."

Kuanzia hapo mtaa ulimtafutia kazi. Aliandika kwa fundi cherehani, kwa muuza mafuta ya taa, kwa wanaotengeneza redio. Loth, aliyeleta dagaa kutoka Kirando, alitaka jina lake juu ya kibanda, kisha akamwomba amwonyeshe lilipoanzia na lilipoishia, maana naye hakujua. Scola akamfundisha kama alivyofundishwa yeye, kwa mkaa na boksi. Alipata kazi mpaka yalipokuja mabango ya kuchapwa, na nyumba ninayolala mimi ilijengwa kwa brashi ile.

Mtaa ule haupo tena. Mashine ya Flavian imekuwa saluni, mzee mwenyewe alikwisha kuzikwa. Loth alirudi ziwani. Tito alipiga picha kila mahali tulipopita, hata pasipo na kitu cha kuona.

Jioni Bibi Scola aliniomba karatasi na kalamu, Mama Tito apelekewe barua. Nikamwambia aseme, nitamwandikia.

"Hapana, mwalimu. Huyu lazima auone mkono wangu."

Akaandika mpaka chakula kikapoa, kwa herufi kubwa tupu, kwa kuwa ndogo hakuzizoea. Alimweleza Mama Tito nani yupo, nani amefariki, duka gani limekuwa nini. Alimwambia kwamba binti yake Angela ni muuguzi, na kwamba daftari la kwanza la mtoto huyo aliliandika jina yeye mwenyewe, mama mtu. Mwishoni aliweka: ASANTE KWA ILE CHAI. KAMA UNGENIFUKUZA SIKU ILE NINGERUDI KIJIJINI NA AIBU MPAKA LEO.

Tito aliondoka na barua hiyo Jumatatu.

Baada ya wiki moja alinitumia picha ya karatasi kwenye simu. Ilikuwa barua ya mama yake, mwandiko umelala kama mtama uliopigwa na upepo. Nilimpa Bibi Scola simu, akaweka miwani, akasoma mwenyewe kwa sauti:

"Binti yangu, nimesoma mara tatu. Flavian Mungu amlaze pema. Lakini mbona Yusto fundi baiskeli humtaji? Alikuoa au aliniongopea? Nilimwambia asikuache."

Yusto alikuwa mume wa Bibi Scola, tulimzika mwaka juzi. Akaniambia kuwa kwenye barua yake ya kwanza jina hilo alilianza mara mbili, mkono ukakataa.

"Kumbe ni Mama Tito alimtuma," alisema. "Yusto hakuniambia hata siku moja."

Akatabasamu, macho yakiwa na maji, akanyoosha mkono nimpe karatasi nyingine. Nilichungulia begani kwake wakati anaanza.

ALINIOA, MAMA. TULIKAA VIZURI MIAKA THELATHINI NA MOJA.