Chupa Iliyotiwa Javeli

Wanasema hasira hasara. Basi niacheni nipate hasara, maana mpaka leo nikipita mbele ya maabara ile ya hospitali ya Panda nilikofanya kazi, natema mate chini.

Mwaka ule vipimo vyetu vya homa ya ini aina ya B vilikaa miezi kwenye depo yenye paa la bati, vikipikwa na joto. Baada ya hapo kila mama mjamzito aliyekuja alionekana hana ugonjwa. Kila mmoja! Hata dada yangu anayekaa mtaa wa Kikula, mwenye mimba ya miezi saba, nilimpima mimi mwenyewe nikamwambia yuko salama.

Nikaanza kushuku. Rafiki yangu wa maabara ya utafiti Lubumbashi akanitumia kichupa kidogo kuliko kidole, kilichoandikwa hépatite B, yaani homa hiyo ya ini, chenye protini ya virusi hivyo. Si virusi. Ni ganda lake tu, lililotengenezwa kwa chachu. Haliwezi kumwambukiza hata panzi. Kipimo kizima kikitiwa tone lake lazima kichore mistari miwili, alama ya ugonjwa. Nilipanga kulijaribu asubuhi mbele ya mganga mkuu, mtu asije akanibishia. Nikakiweka kwenye friji, nikakizungushia barafu kwa sababu umeme wetu mnaujua. Nikasahau kukikinga na binadamu.

Kwetu desturi ni moja: kinachotisha, kitie javeli. Asubuhi nikakuta kichupa kiko wazi, kimezama kwenye ndoo ya dawa ile ile tunayosafishia sakafu. Muuguzi mkuu amesimama pembeni, glavu mpaka viwiko.

"Chupa ya hépatite, njo unaweka mu frigo yetu? Minye niko na batoto!"

"Mama, haiko na bugonjwa!"

"Iko imeandikwa!"

Mganga mkuu akamuunga mkono. Akasema niagize kingine kama nataka, na kwa sasa vipimo viendelee. Nikapiga meza, nikatoka, nikaagiza. Nikangoja. Nilitaka ushahidi wa kuwafunga midomo wale wajinga.

Dada alijifungua kabla kichupa kipya hakijafika. Kilikuja mtoto akiwa na siku nane. Nikajaribu vipimo kumi. Hakuna hata kimoja kilichochora mstari wa pili. Nikakimbiza damu ya dada Lubumbashi, na jibu likarudi: anao ugonjwa. Chanjo ya kumkinga, ambayo mtoto alitakiwa kupewa siku ya kuzaliwa, hakuipata.

Nilikwenda kumwambia nyumbani kwake. Nikawatukana wote, muuguzi, mganga, aliyeweka vipimo kwenye depo. Dada alikuwa ananyonyesha. Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Bale habakunipima minye," akasema. "Weye ulianza kuwa na mashaka siku gani?"

"Ukiwa na miezi saba."

"Na ulikuwa unakuya hapa kula bukari kila Jumapili."