Kutoka Kiunoni Hadi Gotini

Majini bibi yangu alitembea. Nalisema hili kwanza kwa sababu hapa kijijini wapo wanaoapa kwamba nilikuwa namzamisha nirithi kuku wake.

Kiharusi kilimchukua mguu wa kulia wakati tunahamishia miche ya tumbaku shambani. Hospitali, kule Urambo mjini, kijana wa mazoezi ya viungo akamwambia atembee majini, maji yamfike kiunoni. Akambonyeza shavu la mguu.

"Bibi, nchi kavu msuli huu unabeba mwili mzima. Majini mwili unabebwa, huu unapumzika, paja ndilo linahangaika kuyasukuma maji. Ukizoea, unasogea penye kina kifupi, kidogo kidogo, mpaka utoke."

Bwawa la kuogelea tungelitoa wapi? Tulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Nikitoka shule nambeba mgongoni, tunaingia, khanga yake inavimba kama puto, ng'ombe wanatukodolea macho.

"Mume wangu, nishike vizuri! Mimi si kuku wa wizi."

"Tembea, mke wangu. Ukianguka naoa mwingine."

"Nani akutake, na miguu hiyo ya korongo?"

Na anatembea! Kushoto, kulia, maji yanapasuka mbele ya mapaja yake. Jirani mmoja akapita na baiskeli, akauliza kama tunabatizana.

"Mimi Mmoraviani, nilishanyunyiziwa zamani," bibi akamjibu. "Leo najifunza ung'ombe."

Kisha mvua zikakatika, lambo likaanza kushuka. Nikafurahi kama mjinga. Si kijana wa mazoezi alisema kidogo kidogo? Basi maji yanapungua yenyewe, mguu unarudishiwa uzito wake taratibu, sisi kazi yetu kuja tu.

Maji yalipofika mapajani, bibi akaanza kuniegemea. Yalipofika gotini, mguu wa kulia ulibaki pale pale nilipouweka, unatetemeka, shavu lake laini kama mkate uliolowa chai. Ng'ombe nao wanakunywa tu. Niliwatupia mawe. Wakaniangalia, wakaendelea kunywa.

Siku ya mwisho maji yalikuwa ya kifundoni. Bibi akasimama, akavuta pumzi, akajaribu. Akakaa kwenye tope, polepole, kama mtu aliyekusudia kukaa.

"Mke wangu, umeona mkeka hapo?"

Akajifuta tope kwenye goti.

"Nilikwambia, ukianguka naoa mwingine."

"Oa," akasema, hanitazami. "Oa tu, baba."

Nikambeba kupanda ukingo. Mguu ule ulinigonga ubavuni njia nzima.

Juzi mawingu yalianza kujikusanya. Nikamwambia lambo litajaa tena, atoe khanga yake ya majini niifue. Akanyoosha kidole kuelekea jikoni. Alikuwa ameshaichana vipande, vya kushikia masufuria.