Saa Moja Mpaka Goma

Harufu ya mafuta ya ndege inanishika mpaka leo. Mwezi uliopita nilikuwa ku kiwanja ya ndege ya Kindu, nimesimama juu ya mizani na sakoshi yangu mukononi, maana kwetu, ku ndege ndogo, wanapima muntu pamoja na muzigo yake. Harufu ile ikanipiga mu pua, nikamukumbuka mama.

Mu vita, nikiwa mutoto, gari moshi ilisimama, barabara zikafungwa. Kindu tuliishi na ndege tu. Mama alikuwa anapeleka bidon za mafuta ya mawese ku Goma, anarudia na chumvi na sabuni. Siku moja nilimusindikiza, muntu wa mizani akamuambia, "Mama, kilo imepita. Toa bidon moja ao shuka wewe."

"Basi bidon ziende, mimi nitazifuata mbio!"

Watu wakacheka. Akatoa bidon moja, akaniinamia: "Usilie, ni saa moja tu. Sombe ya koko itakuwa haijapoa, na mimi nimeshafika Goma." Koko njo mama yake, alikuwa anabaki na sisi, anatupikia sombe, majani ya muhogo.

Nilikuwa na miaka saba. Saa moja kuenda, saa moja kurudia: nikahesabu mwenyewe. Mangaribi nikaomba sahani ya mama, nikaifunika, nikaikalia mbele kama askari. Ndugu yangu mudogo akaingiza kidole, nikamuuma. Kesho yake tena, na kesho yake tena. Kumbe ndege zilikuwa zimekatazwa kuruka, lakini nani angemueleza mutoto? Koko alinijazia sahani kila mangaribi, asubui tunaila baridi. Mutoto wa jirani akasema, "Mama yako ameolewa ku Goma." Meno yake mbili ya mbele, ya maziwa kwa bahati, niliyatoa mimi.

Mvua zikaanza, zikaisha. Mchana moja, mama akashuka mu mutumbwi uliotoka Alunguli, ng'ambo ya mto, amekonda, miguu imefungwa vitambaa. Wote wakamukimbilia. Alipofika nyumbani, mimi nilikuwa mulangoni, mikono kiunoni.

"Ulisema saa moja! Muongo!"

Koko akainua mukono anipige, mama akaushika. Akakaa chini palepale, akaniangalia, akaniita vile wanaita binti kwetu:

"Pardon, mama yangu. Nimechelewa."

Nilimununia siku mbili nzima.

Sasa mwezi uliopita, mu ndege ya kuenda Goma, nikaangalia chini. Pori. Nikatafuta barabara: pori, mto, pori tena. Saa moja ile ilikuwa kweli kabisa, mama hakunidanganya. Lakini ile pori yote aliikata na miguu, Walikale, Lubutu, mpaka mto wetu Lualaba, anapita kati ya watu wenye bunduki, maana alijua kuna mutoto anamungojea. Na alipofika, njo yeye aliomba pardon.